Sisi Hatuvui Chini: Kisa cha Wasomaji wa Nagona, Katonga

Tarehe 15 Mei 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kwa miezi mitatu, samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Kwa mtu wa mbali hiyo ni habari ya kusikia redioni ikapita. Kwa Katonga, hapa Kigoma, maana yake ni maisha kusimama. Mitumbwi ilipandishwa mchangani, taa za sola za kuvulia dagaa zikaingizwa ndani, na wanaume waliozoea kukesha majini wakawa usiku hawapati usingizi na mchana hawana kazi. Akina mama wanaoanika dagaa walibaki wakitazama vichanja vitupu. Upepo wa kusi ulivuma juu ya ufuko usio na harufu ya dagaa, jambo ambalo watoto wengi wa hapa walikuwa hawajawahi kulijua.

Katika utupu huo ndipo tulipoanza kusoma Nagona. Ninaandika kilichotokea kwa sababu nimefundisha fasihi ya Kiswahili sehemu kubwa ya maisha yangu, nimestaafu, na miezi ile mitatu ilinionyesha kosa ambalo nimelitenda kwa wanafunzi wengi bila kujua. Sitawataja wasomaji wenzangu kwa majina. Wengine wao watajitambua, na wote walijua kwamba nitaandika.

Kwanza kitabu chenyewe. Nagona ni riwaya ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1990. Ni nyembamba, kurasa hazifiki mia. Mwaka uliofuata, 1991, ilifuatwa na Mzingile, na wahakiki wengi huzisoma hizo mbili pamoja. Kabla ya hapo Kezilahabi alikuwa ameandika riwaya nne ambazo msomaji anazishika mara moja: Rosa Mistika ya 1971, Kichwamaji ya 1974, Dunia Uwanja wa Fujo ya 1975 na Gamba la Nyoka ya 1979. Ndani ya hizo kuna vijiji, shule, wazazi wakali, mapenzi, siasa ya ujamaa. Halafu likaja Nagona. Humo kuna msafiri anayesimulia kwa nafsi ya kwanza, hatuambiwi anatoka kwa nani. Kuna mji mkimya. Kuna paa anayefukuzwa na hakamatiki. Kuna wazee wenye hekima, kuna habari ya mkombozi wa pili, na wanafalsafa na wanasayansi wa Ulaya waliotenganishwa na karne nyingi, Plato, Darwin, Marx, Nietzsche, Freud, wanapita humo kana kwamba wote ni wakazi wa mtaa mmoja. Mwishoni kuna ngoma. Mtu akikuuliza kisa chake ni nini, utaanza kujibu, utafika katikati, utanyamaza.

Nilikuwa na nakala moja ya Nagona na moja ya Mzingile. Kwa hiyo tulikubaliana nisome kwa sauti, wengine wasikilize, atakayetaka kushika kitabu na kurudia ukurasa apewe. Tulikutana kwenye baraza la duka la nyavu, jioni baada ya sala ya magharibi. Nahodha mmoja alileta taa yake ya dagaa, ile ile ambayo kwa kawaida ingekuwa inaelea juu ya maji wakati huo, akaitundika kwenye mwamba wa paa la duka. Siku ya kwanza walikuja watu 14.

Nikasoma sura ya kwanza. Nilipomaliza palikuwa kimya, na mimi niliyezoea madarasa nilidhani ni ukimya wa kuguswa. Kumbe ulikuwa ukimya wa watu wanaosubiri hadithi ianze.

Aliyevunja ukimya ni mama mmoja mchuuzi wa dagaa, mtu mzima, ambaye wote humwita Bibi. Alikuwa amekuja kwa sababu ya jina la mwandishi. Katika usichana wake alisoma Rosa Mistika kwa kificho, enzi ambazo kitabu kile kilikuwa kimezuiwa mashuleni, na alikilia. Alikuja kumlilia msichana mwingine. Akaniambia kwa upole, "Mwalimu, huyu siyo yule."

Fundi wa mashine za boti aliuliza maswali ambayo mtu yeyote mwenye akili timamu angeuliza. Huyu msafiri jina lake nani? Alitoka wapi? Anatafuta nini? Akasema yeye akifungua mashine, kila kipande humwambia kipi kilitangulia na kipi kinafuata, hata kama mashine hiyo hajawahi kuiona. Hapa vipande vyote viko mezani na hakuna kinachomwambia kitu.

Mkutano wa pili ndio ulioharibu mambo, na wakati huo niliona kwamba ndio uliofanikiwa kuliko yote.

Kulikuwa na binti mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza mtihani wa kidato cha sita, anasubiri matokeo. Alikuwa na kichwa chepesi na daftari safi. Nilipomaliza kusoma alinyoosha mkono kama yuko darasani, akasema, "Mwalimu, paa ni ukweli. Anafukuzwa na kila mtu na hakuna anayemkamata, kwa sababu hakuna binadamu anayeupata ukweli wote." Nilifurahi mno. Ndivyo wahakiki wengi wanavyomsoma yule paa. Nikampongeza mbele ya watu, kisha nikaongeza ya kwangu. Nikawaeleza kwamba Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 Namagondo, Ukerewe, akapitia seminari kabla ya chuo kikuu, akaenda Marekani kusomea udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, akaandika tasnifu iliyokamilika mwaka 1985 juu ya falsafa ya Kiafrika na tatizo la kuifasiri fasihi. Nikawafafanulia mji mkimya, wazee, mkombozi. Nilizungumza kwa muda mrefu. Nyuso zilichangamka, watu walitikisa vichwa, fundi akasema, "Aaa, kumbe!" Nilirudi nyumbani nimejaa furaha.

Mkutano wa tatu walikuja watu watano.

Nilikwenda kumtafuta fundi kesho yake. Nilimkuta amepakata mashine ya boti, mikono imejaa grisi. Nilimuuliza kama ameudhika. Akashangaa. "Niudhike na nini, Mwalimu? Si ulishatuambia? Paa ni ukweli, na ukweli haukamatiki. Sasa nije kufuata nini?"

Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi kuliko maneno ya mhakiki yeyote niliyemsoma. Hakukuwa na dharau ndani yake. Alikuwa mtu aliyepewa jibu la kitendawili, akalipokea, akashukuru, akaendelea na kazi zake. Na ndivyo kitendawili kinavyotakiwa kuwa. Ukitega, mwenzio akitegua, mnakwenda kingine. Hakuna anayekaa usiku kucha akitazama kitendawili kilichokwisha kuteguliwa.

Hapo nataka nikae kidogo, maana naona ndipo penye kiini cha kisa hiki.

Watu hudhani msomaji wa kawaida anashindwa na riwaya kama hii kwa sababu ina mambo ya ajabu. Nimelisikia hilo vyuoni na nimelisema mwenyewe. Si kweli, angalau hapa si kweli. Watu wa Katonga hawana shida na ajabu. Wamelelewa na ngano ambamo sungura anamshtaki fisi na mti unajibu. Wamesikia visa vya Alfu Lela u Lela. Na mji wao wenyewe umejengwa juu ya kisa ambacho mtu akikiandika leo ataambiwa amezidisha: meli ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikafumuliwa vipande vipande na kutiwa kwenye masanduku, ikavuka bahari, ikapanda treni kutoka Dar es Salaam kuja bara, ikaunganishwa upya hapa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata wenye meli wakaizamisha wenyewe kwa makusudi, baada ya kuipaka grisi mashine zake, Waingereza wasiipate. Waingereza wakaiibua mwaka 1924. Mwaka 1927 ikaanza tena safari ikiwa na jina jingine, Liemba. Meli iliyopanda treni, ikazikwa majini, ikafufuka na kubadili jina. Bibi amesafiri nayo, ameuza dagaa kwenye sitaha yake. Hajawahi kuuliza meli ile ni ishara ya nini.

Kwa hiyo si ajabu iliyowazuia. Kilichowazuia ni kwamba walidhani ajabu ile ina ufunguo, na kwamba ufunguo ninao mimi mfukoni. Nani aliyewafundisha hivyo? Sisi walimu, kwa sehemu kubwa. Na si kwamba tuliwadanganya. Fasihi yetu ina vitabu ambavyo kweli vina ufunguo. Chukua Kusadikika ya Shaaban Robert. Nchi iko angani, haipo duniani wala mbinguni, lakini Karama akisimama mbele ya mfalme na kujitetea kwa siku sita, akisimulia habari za wajumbe sita, unajua kabisa anasema nini kuhusu dhuluma na kuhusu sheria. Ukigeuza ile nchi ya angani ukaiweka duniani, hoja inabaki nzima na pengine inang'aa zaidi. Hapo kufumbua ni sehemu ya heshima kwa kitabu. Kezilahabi alikijua kitabu hicho vizuri. Mwaka 1976 alikuwa ameandika utafiti mzima juu ya Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya. Alipokuja kuandika Nagona hakuwa mtu asiyejua kutia ufunguo. Aliamua asiutie.

Sisi tukautafuta hivyohivyo, maana mtihani unauliza dhamira, ujumbe, falsafa, na mwanafunzi hawezi kujibu kwamba alisikia baridi. Binti yule alifanya nilichomfundisha mimi au mwenzangu. Alikuwa sahihi kwa maana ya mtihani. Mimi ndiye niliyelichukua jibu lake, nikalipigilia misumari, nikaufunga mlango wakati watu wamo ndani wanatazama.

Mkutano wa nne tulikuwa watu watano wale wale. Binti alikuwepo, Bibi alikuwepo, nahodha mwenye taa alikuwepo kwa sababu taa ilikuwa yake, na ndugu wawili ambao mmoja wao nitamrudia baadaye. Nilianza kwa kuwatia moyo. Nikasema kitabu hiki kina kina kirefu sana, tusikate tamaa, lazima tuzame.

Nahodha alikuwa hajasema neno tangu siku ya kwanza. Akasema, "Mwalimu, sisi hatuvui chini."

Nikadhani hajanielewa. Akaendelea, taratibu, kama anamfundisha mtoto wa mjini. Ziwa hili lina kina kirefu, kila mtu analijua hilo. Lakini samaki hawako huko chini. Mtu akishusha wavu mpaka mwisho wa kamba zote za Kigoma ataupandisha mtupu. Wavuvi wao huwasha taa juu, wananyamaza, wanangoja. Dagaa wanapanda wenyewe. Mgebuka naye anapanda akiwafuata dagaa. "Ukiwa na haraka ukaanza kupiga maji, wanakimbia."

Ni kweli kabisa anachosema, na sayansi inamuunga mkono. Ziwa Tanganyika linafika kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal. Lakini maji yake ya juu na ya chini hayachanganyiki vya kutosha, na ukishapita mita 100 hadi 200 hivi hewa ya oksijeni imekwisha. Chini ya hapo, yaani sehemu kubwa mno ya ziwa, samaki hawezi kuishi. Uhai wote anaoujua mvuvi uko katika tabaka jembamba la juu.

Nimetumia neno "kina" kwa vitabu tangu nianze kazi. Kitabu kizuri kina kina, kitabu kibaya hakina. Sikuwahi kujiuliza kama huko chini kuna kitu.

Usiku ule tulibadili namna ya kusoma. Shauri lilikuwa la nahodha na Bibi zaidi kuliko langu. Nasoma ukurasa mmoja, au nusu yake. Kisha taa inazimwa. Katika giza, bila haraka, kila mtu anasema anachokiona bado, au anachokisikia bado. Hakuna ruhusa ya kusema "maana yake". Baada ya hapo taa inawashwa, tunaendelea.

Kilichotoka gizani kilikuwa tofauti kabisa na kilichotoka kwenye mwanga. Bibi alisema mji ule mkimya ameuona: ni Katonga ya sasa, asubuhi, ufuko bila sauti ya mashine, bila mtu wa kumwuliza bei. Hakusema mji ule ni mfano wa Katonga. Alisema ameuona, na sauti yake ilibadilika. Mmoja wa wale ndugu wawili alisema haoni chochote ila anasikia miguu. Nahodha alisema kitabu kinamchosha namna safari inavyochosha, si namna mzigo unavyochosha. Niliiandika sentensi hiyo usiku uleule nisije nikaipoteza.

Habari zilisambaa. Fundi alirudi. Aliniambia amesikia hakuna tena maelezo. Mpaka mwezi wa saba tulikuwa watu tisa, na ndio tuliobaki mpaka mwisho.

Nilikuwa na hofu kubwa kuhusu ile sehemu ya wanafalsafa. Kati ya waliokuwepo, mimi na binti tu tuliwahi kusikia habari za Freud au Nietzsche. Nikasimama kabla ya kusoma nikauliza kama niwaeleze kidogo wale ni akina nani. Bibi akakataa. Akasema ukienda msibani unakuta watu wamekaa kwenye majamvi, wengine wametoka Burundi, wengine Dar es Salaam, huwajui. Hungoji kutambulishwa ndipo ukae. "Mwenye nyumba anawajua. Sisi tukae." Tukakaa. Sijawahi kuisoma sehemu ile kwa utulivu kama usiku ule, na naamini kwamba nimewachosha wanafunzi wengi kwa orodha za tarehe za wanafalsafa kabla hawajaruhusiwa kuketi.

Sitaki ionekane kwamba njia hii ilimfaa kila mtu. Binti alikasirika, na alikuwa na haki. Alisema wazi kwamba tunamnyang'anya kitu alichokitolea jasho. Amesoma miaka miwili ili ajue kufasiri, sasa anaambiwa akae gizani aseme ameona miguu. "Nikienda chuo nikaandika hivyo, Mwalimu, nitapata ngapi?" Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia mambo mawili yanaweza kuishi pamoja, jibu la mtu anayekwepa. Aliendelea kuja lakini alikaa na daftari limefungwa, na kuna siku aliondoka mapema.

Jibu alilipata mwenyewe wiki mbili baadaye, tulipofika mwishoni penye ngoma. Taa ilipozimwa alikuwa wa kwanza kusema, na alivunja kanuni yetu. Alisema, "Kama paa ni ukweli, mbona mwisho ni ngoma? Ukweli unachezwa?" Hakuna aliyemkanya. Aliendelea kujibishana na nafsi yake gizani, kwamba labda jibu lake la kwanza lilifaa kwa paa peke yake, na kwamba kila jibu la namna hiyo linaacha sehemu fulani ya kitabu nje, halafu sehemu hiyo ndiyo inayoendelea kumsumbua mtu akiwa nyumbani. Nimesahihisha mitihani mingi sana. Sijawahi kukutana na swali bora kuliko lile kuhusu riwaya hii. Na aliweza kuliuliza kwa sababu alikuwa na ule ufasiri wake wa kwanza mkononi, umevunjika. Kwa hiyo sisemi tuache kufasiri. Ninasema nilifanya vibaya kulitoa jibu mapema na kulisifu kama mwisho wa safari.

Pingamizi zito kuliko lote lilitoka kwa Ustadhi anayefundisha madrasa jirani na pale. Alikuja mara mbili tu. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaomba kusema. Kwanza aligusa lile la mkombozi wa pili. Akasema mambo ya namna hiyo si ya kuchezea, na anajua Wakristo waliokuwepo nao watakuwa wamekwazika, ila wanaona aibu kusema. Mama mmoja mwanakwaya alitikisa kichwa kukubali. La pili lilikuwa la kifasihi kabisa, ingawa yeye hakuliita hivyo. Alisema sisi tumefundishwa kwamba ukiota ndoto njema, msimulie anayekupenda. Ukiota ndoto mbaya, usimsimulie mtu, jikinge kwa Mola wako, itapita. "Sasa huyu bwana ameota ndoto nzito, Mwalimu. Nani alimwambia aitoe nje, tena aichape?"

Nilimjibu kadiri nilivyoweza. Nilimwambia kitabu kilitoka mwaka 1990. Mwalimu Nyerere alikuwa ameng'atuka urais mwaka 1985. Ukuta wa Berlin ulibomolewa mwaka 1989. Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar likalegeza masharti ya uongozi yaliyowekwa na Azimio la Arusha, na mwaka 1992 vyama vingi vikarudi. Watu wa umri wangu walikuwa wamefundishwa namna moja ya kuieleza dunia, inaanzia hapa, inapita hapa, inafika kule, na maelezo yale yalikuwa yanakatika mikononi mwetu. Ndoto ile haikuwa ya mtu mmoja. Ilikuwa imeotwa na watu wengi na kila mmoja ameificha, na mimi nikiwa kijana niliyekisoma kitabu kile kwa mara ya kwanza nilihisi kuna mtu amesema hadharani kwamba na yeye haoni njia.

Ustadhi alinisikiliza. Akasema, "Nimekuelewa. Lakini mlioificha mlikuwa na sababu." Hakurudi tena. Tunasalimiana vizuri njiani.

Sikuona uzito wa maneno yake mpaka lilipotokea jambo la mwisho.

Tulimaliza Nagona mwanzoni mwa Agosti. Ziwa lilikuwa karibu kufunguliwa, watu wameanza kushona nyavu, na tulikuwa na jioni mbili tatu tu zilizobaki. Nilipendekeza tuanze Mzingile, tufike tutakapofika. Watu waliniuliza ni habari gani. Kwa kuwa nilikuwa nimejifunza kutoeleza, nilisema sentensi moja tu: ni safari ya mtu anayekwenda kumtafuta mzee aitwaye Kakulu, ampelekee habari kwamba mwanawe amefariki.

Mmoja wa wale ndugu wawili, yule aliyesikia miguu, alisimama akaondoka. Hakuaga. Mwenzake alibaki ameinamisha kichwa, kisha akatueleza. Walikuwa ndugu watatu. Wa tatu alichukuliwa na ziwa miaka michache iliyopita, usiku wa dhoruba, na mwili haukuonekana. Aliyeondoka ndiye aliyepanda basi kwenda Kasulu kumwambia baba yao. Alikaa kwa baba siku mbili kabla ya kuweza kufungua mdomo.

Taa ilikuwa inawaka na wadudu wameizunguka. Hakuna aliyesoma usiku ule.

Nimejiuliza sana kama ningefanya nini tofauti. Ningeuliza kwanza? Kuuliza nini, kwa watu wa ufukweni ambao karibu kila nyumba ina mtu aliyemezwa na maji? Waandishi na wahakiki tunazungumzia riwaya za namna hii kana kwamba umbali wake na uhalisia unampa msomaji usalama: mji hauna jina, mzee hana anwani, kwa hiyo hakuna atakayeumia. Nimeona kinyume chake. Riwaya yenye kijiji chenye jina na mvuvi mwenye jina ingempa yule bwana nafasi ya kusema, huyo ni mwingine, si mimi. Hii haikumwachia nafasi hiyo. Msafiri hana jina, kwa hiyo ni yeye. Ustadhi aliliona hilo kabla yangu, na alikuwa akizungumzia watu aliowajua.

Lakini kisa hakikuishia pale, na nisiposema kilichofuata nitakuwa nimemdhulumu.

Ziwa lilifunguliwa tarehe 15 Agosti. Usiku ule ufuko mzima ulitoka. Niliziona taa zikienda moja moja mpaka zikawa mstari, na ile ya kwetu ilikuwa mojawapo. Siku nne baadaye, asubuhi, nilisikia hodi. Alikuwa yeye, ametoka majini, nguo bado zina magamba. Alinisalimu, nikamkaribisha kiti, akakataa kukaa. Akasema, "Mwalimu, kile kitabu kingine. Sitaki kusomewa. Nataka kusoma mwenyewe."

Nilimuuliza kama ana hakika. Akasema anataka kujua yule mzee kwenye kitabu, Kakulu, aliambiwa vipi.

Nilikifunga Mzingile ndani ya mfuko wa nailoni kisilowe nikampa. Sasa ni miezi mingi. Huwa namwona Katonga asubuhi wakati wa kupima dagaa, tunapeana mikono, ananiuliza habari za nyumbani nami namuuliza za baba yake wa Kasulu. Kitabu hajakirudisha, na mimi sijakiulizia.